Safari Fupi ya Dawa

Ukitoka mji wa Meru ukaelekea kaskazini, utaona migomba ikipungua kidogo kidogo, upepo ukizidi kukauka, na nchi ikifunguka mbele yako kuelekea mbuga za Isiolo. Katika pande hizo, baina ya miteremko ya Mlima Kenya na vilima vya Nyambene, ndipo ilipo Ruiri. Si mji mkuu wala si bandari. Ni mahali pa wakulima na wafugaji. Lakini jambo nitakalo kukusimulia hutendeka hapo, kama litendekavyo kila mahali penye watoto wa kuchanjwa na wagonjwa wa kudungwa sindano.

Fikiri siku ya chanjo. Mama amempakata mtoto wake. Mwuguzi amesimama mezani, ameshika kichupa cha dawa kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, kilichozibwa kwa mpira na kuvikwa taji la bati. Anatoboa mpira kwa sindano, anavuta dawa, anachomoa sindano, kisha anamgeukia mtoto. Watu wote waliomo chumbani humtazama mtoto, maana ndiye atakayelia. Mimi nakuomba leo usimtazame mtoto, wala uso wa mwuguzi, bali mikono yake, katika ule muda mfupi dawa inapotoka kichupani na kuingia katika bomba la sindano. Safari hiyo haizidi urefu wa kidole. Hata hivyo, ndani yake wamepotea watu wengi, na wataalamu wa nchi nyingi wametumia zaidi ya miaka mia wakitafuta njia ya kuifanya salama.

Sababu ya hatari hiyo ni nyepesi kueleza. Dawa iliyomo kichupani ilitakaswa kiwandani, na bomba nalo lilitakaswa kabla ya kutiwa katika bahasha yake. Basi vyombo viwili safi vinakutana; lakini pale vinapokutana hufunguka mlango, na mlango ukifunguka hauchagui mgeni. Vumbi hupita, jasho la vidole hupita, hata damu ya mgonjwa aliyetangulia hupita. Mama anayechachua uji katika kibuyu anaijua kanuni hii bila ya kusomea utabibu. Unga wake waweza kuwa mzuri, na kibuyu chake kikawa kimeoshwa vema. Lakini akiumimina uji kwa upawa mchafu, kesho utakuwa umeharibika. Hapo hataulaumu unga wala kibuyu. Ataulaumu upawa.

Insha hii ni historia ya upawa huo, yaani ya kiungio kilicho baina ya kichupa na sindano. Nataka uone kwamba wanadamu walijifunza kuitakasa dawa mapema, wakajifunza kuitakasa sindano baadaye, na kwamba njia iliyo kati ya viwili hivyo ndiyo waliyochelewa kuitazama. Nataka uone pia kwamba kujua jambo ni kitu kimoja, na kulitia jambo hilo ndani ya chombo ili mkono uliochoka usiweze kulisahau ni kitu kingine.

Sindano ya kudungia dawa haikuanza kwetu. Mwaka 1853 matabibu wawili, Alexander Wood wa Edinburgh katika Uskoti na Charles Pravaz wa Lyon katika Ufaransa, walitumia kila mmoja kwa njia yake bomba dogo lenye sindano iliyo tundu ndani. Kwa mara ya kwanza tabibu aliweza kuifikisha dawa chini ya ngozi kwa kipimo alichokitaka. Lakini zama hizo ni wachache waliofahamu kwamba maradhi mengi huletwa na vijidudu. Tabibu aliweza kufuta sindano yake kwa kitambaa, akaona kwamba ameisafisha. Baadaye Louis Pasteur na wenziwe walionyesha kwa majaribio kwamba uozo hauzuki wenyewe, bali huletwa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho; na mwaka 1867 Joseph Lister, mpasuaji wa Glasgow, alichapisha habari za namna alivyovikinga vidonda kwa dawa ya kuua vijidudu. Mwaka 1879 Charles Chamberland, mwanafunzi wa Pasteur, alitengeneza jiko la mvuke wenye shindikizo, ambalo mpaka leo ndilo msingi wa kutakasa vyombo vya hospitali.

Mwishoni mwa karne hiyo, nyumba ya Luer ya Paris, iliyokuwa ikitengeneza vyombo vya matabibu, ilitoa bomba lililofanywa kwa kioo kitupu. Ubora wake wa kwanza ulikuwa kwamba liliweza kutiwa katika maji yanayochemka bila kuharibika. Ubora wa pili ulikuwa katika pua yake. Pua hiyo ilikuwa ya duara inayopungua upana polepole, kiasi cha sehemu 6 kwa kila sehemu 100 za urefu, na kitako cha sindano kilitobolewa kwa kipimo hicho hicho. Ukikisukuma juu ya pua, viwili hivyo hukazana wala havivuji. Mwaka 1897 Wamarekani wawili, Maxwell Becton na Fairleigh Dickinson, walishirikiana katika biashara, wakaliuza bomba la Luer katika nchi yao. Na mwaka 1925 Dickinson aliongeza ukosi wenye hesi, ili sindano ikazwe kwa kuzungushwa na isichomoke ovyo. Kipimo kile cha 6 kwa 100 kingali kinatumika duniani kote. Ukishika bomba la sindano leo katika kijiji chochote cha Kenya, mara nyingi umeshika pua ya Luer.

Sasa turudi nyumbani. Katika miaka ya 1920 pande za Mlima Kenya zilikuwa na ugonjwa mwingi wa buba, unaotoa vidonda vibaya katika ngozi na hatimaye kuharibu mifupa. Mwaka 1922 tabibu Clive Irvine wa misheni ya Kanisa la Scotland alianza kazi Chogoria, kusini ya Meru. Na katika miaka hiyo hiyo serikali ya koloni nayo ilieneza matibabu ya buba kwa sindano za dawa zilizotengenezwa kwa aseniki na bismuthi. Vidonda vilivyomtesa mtu miezi mingi vilikauka kwa muda mfupi baada ya kudungwa. Habari kama hiyo haihitaji tarumbeta. Watu walifika kwa wingi wakiitaka sindano yenyewe, na tangu hapo sindano ikapata heshima kubwa katika nchi yetu, heshima ambayo kidonge hakijaipata mpaka leo. Mgonjwa akipewa vidonge husema amepewa dawa. Akidungwa sindano husema ametibiwa.

Heshima hiyo ilikuwa na hatari ndani yake. Watu wakiwa wengi na mabomba yakiwa machache, kila bomba hulazimika kufanya kazi ya wengi. Njia iliyotumika zaidi katika zahanati za mbali ilikuwa kuchemsha sindano na mabomba katika sufuria. Hapa, msomaji, jiografia inaingia katika utabibu. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Lakini mji wa Meru uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,500, na kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, maji huchemka huko karibu na nyuzi 95 tu. Yataruka na kutoa mvuke kama ya Mombasa, lakini hayana joto la Mombasa. Tena, hata nyuzi 100 haziwaui vijidudu wote, maana wako wajizungushiao ganda gumu wakasubiri siku njema. Ndiyo sababu jiko la Chamberland hufunga mvuke mpaka ufike nyuzi 121, na kuushikilia hapo kwa dakika 15 au zaidi. Sufuria haina uwezo huo, hata mwenye kuichochea awe mwaminifu namna gani.

Walakini tuseme kwamba sindano imetakaswa kama ipasavyo. Je, hatari imekwisha? Jibu lilitoka mbali, katika mji wa Bundaberg, jimbo la Queensland, Australia. Tarehe 27 Januari 1928 watoto 21 walidungwa dawa ya kuwakinga na dondakoo. Muda mfupi baadaye 12 kati yao walikuwa wamekufa. Mji mzima ulishikwa na msiba, na serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya uongozi wa tabibu Charles Kellaway. Tume hiyo ilikuta kwamba dawa ilikuwa katika chupa moja iliyozibwa kwa mpira, ya kuvutwa mara nyingi kwa ajili ya watu wengi. Chupa hiyo hiyo ilikuwa imetumika siku zilizotangulia bila madhara yoyote. Lakini haikutiwa dawa ya kuzuia vijidudu, na siku zilikuwa za joto. Kijidudu mmoja wa wale wakaao daima juu ya ngozi za watu alikuwa ameingia ndani, na humo akakuta chakula, joto na utulivu. Akazaana.

Tafakari jambo hilo. Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote, na chupa ile ilikuwa kama tenga moja walilolishwa watu wengi. Dawa ilipotoka kiwandani ilikuwa njema. Kosa lilikuwa njiani, katika ule mpira uliotobolewa na kutobolewa tena. Tume ilishauri kwamba dawa ambayo vijidudu waweza kukua ndani yake isitolewe tena katika chombo cha kutumiwa mara nyingi, ila iwe imetiwa kitu cha kutosha cha kuwazuia wasikue. Shauri hilo ni miongoni mwa misingi ya kanuni tunazozifuata leo. Chanjo nyingine zilizotiwa kizuizi huruhusiwa kutumika mpaka siku 28 baada ya kichupa kufunguliwa, maadamu zimehifadhiwa vema katika baridi. Bali chanjo ya surua, ambayo haina kizuizi, hutupwa saa 6 baada ya kuchanganywa, hata kama kichupa kingali nusu. Mama aliyefika amechelewa akaambiwa kwamba kichupa kimemwagwa huona kwamba mali imepotea bure. Watoto wa Bundaberg ndio waliolipa bei ya kanuni hiyo.

Yalipita karibu miaka 50, na funzo jingine likatoka katika bara letu. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku kaskazini mwa nchi iliyoitwa wakati huo Zaire, ulizuka ugonjwa ambao ulimwengu haukuwa umeujua, nao ukaja kuitwa Ebola. Wachunguzi walipofika walikuta kwamba kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba na sindano 5 tu kwa kazi ya hospitali nzima, na kwamba vyombo hivyo vilisuuzwa katika maji ya vuguvugu baada ya mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao walikufa. Katika wafanyakazi 17 wa hospitali hiyo, 11 walikufa. Watu wale hawakuwa waovu. Walikuwa wakihudumia umati mkubwa kwa vyombo vitano. Kwa hiyo usiseme kwamba walikosa huruma. Walikosa mabomba.

Baada ya mikasa ya namna hiyo, na hasa baada ya kuja kwa ukimwi, wataalamu walifikia shauri moja kubwa: haifai kumwachia mtu peke yake kazi ya kukumbuka, chombo chenyewe nacho kikumbuke. Likabuniwa bomba la plastiki linalojifunga. Ndani yake mna kizuizi kidogo ambacho hushika mchi baada ya dawa kusukumwa mara moja. Anayejaribu kuuvuta tena huona umekwama au umevunjika. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitangaza kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2003 chanjo zote zidungwe kwa mabomba ya namna hiyo tu. Ilikuwa hatua kubwa. Leo mabomba hayo hutengenezwa hata katika nchi yetu, katika kiwanda cha Revital Healthcare kilichoko Kilifi, na mtoto wa Ruiri aweza kudungwa kwa bomba lililofanywa na mikono ya watu wa Pwani.

Lakini bomba linalojifunga hulinda upande mmoja tu wa ile safari fupi, upande wa mtoto. Je, upande wa kichupa? Chanjo ya surua hutoka kiwandani ikiwa unga mkavu, ili isiharibike upesi, na kabla ya kudungwa ni lazima maji yake maalumu yavutwe kutoka kichupa kimoja na kutiwa katika kingine. Kazi hiyo ya kuchanganya hufanywa kwa bomba lake pekee, ambalo lapaswa kutumika kwa kichupa kimoja kisha kutupwa.

Mwezi Mei 2017 chanjo ya surua ilipelekwa katika eneo la Kapoeta, Sudani Kusini, nchi iliyopakana na Turkana yetu. Watoto 15 walikufa, wote chini ya umri wa miaka 5, na wengine 32 waliugua wakapona. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba moja la kuchanganyia lilitumika kwa vichupa vingi kwa siku zote 4 za kampeni, kwamba chanjo haikuhifadhiwa katika baridi, na kwamba waliodunga hawakuwa wamefundishwa. Miongoni mwao mlikuwa na watoto wa miaka 12. Chanjo yenyewe ilikuwa nzuri, nayo imewaokoa mamilioni ya watoto duniani. Kati ya Bundaberg na Kapoeta pana karibu miaka 90, na katika miaka hiyo sayansi imefika mbali kuliko walivyoota matabibu wa 1928. Lakini kifo kilipita katika mlango ule ule.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kazi ya mabingwa wa viungio, kazi ambayo huenda hujapata kuisikia. Swali lao ni hili: je, yawezekana kuiunganisha njia ya kichupa na bomba hata mlango usifunguke kabisa? Ili uone ugumu wa swali hilo, chukua chupa iliyojaa maji, ipindue ghafula juu chini. Maji hayatoki kwa utulivu. Hutoka kwa kugugumia, maana kila tone litokalo hutaka hewa iingie mahali pake. Kichupa cha dawa nacho ni vivyo hivyo, tena zaidi, kwa kuwa kimezibwa. Ukivuta dawa bila kutia hewa, mvuto wa ndani hushindana nawe na mchi hurudi. Kwa hiyo mwuguzi hufundishwa kusukuma hewa kwanza, kisha kuvuta dawa. Lakini hewa hiyo ni ya chumbani, na ndani yake mna vumbi na vijidudu. Basi kila dawa itokapo, ulimwengu wa nje huingia.

Kiungio kilichobuniwa vema huijibu taabu hiyo kwa werevu. Ni kipande kidogo cha plastiki, kinachokaa juu ya kichupa kama kofia na kukamata taji lake la bati. Katikati pana mwiba unaotoboa mpira mara moja tu. Na hilo pekee ni jambo kubwa, maana sindano inayotoboa mara kwa mara huweza kumega chembe za mpira zikaanguka katika dawa. Katika baadhi ya viungio mwiba huo una njia mbili ndani yake: moja ya dawa kupanda, na nyingine ya hewa kushuka. Njia ya hewa hupitia chujio lenye vitundu vidogo mno, vya kiasi cha sehemu 2 za kumi za maikroni. Na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Hewa hupita, bakteria hubaki nje. Juu ya kiungio pana pua iliyotengenezwa kwa kipimo cha Luer, na katika baadhi yake pana kilango cha mpira laini ambacho husukumwa na bomba likiingia na kujifunga lenyewe likitoka. Mwuguzi hupangusa uso wa kilango hicho kwa spiriti, huunganisha bomba, huvuta, huondoa. Sindano haikuhitajika hata kidogo katika safari hiyo, wala kidole hakikuchomwa.

Kuna dawa ambazo hatari yake hutoka ndani kuja nje. Mwaka 1979 watafiti wa Finland walichapisha habari kwamba mkojo wa wauguzi waliokuwa wakizichanganya dawa za saratani ulionyesha dalili za sumu zinazogeuza chembe za urithi. Wauguzi hao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wakiwatibu wagonjwa. Dawa ilitoka kichupani kama mvuke na matone yasiyoonekana, ikawaingia. Baada ya hapo vilibuniwa viungio vilivyofungwa pande zote mbili, ambavyo haviruhusu uchafu kuingia wala mvuke kutoka. Sisi wa pande za Meru, tuliokwisha kuzika jamaa kwa saratani ya umio na ya tumbo, hatuna budi kujali habari hiyo. Maana anayemchanganyia dawa mgonjwa wetu naye ni mtoto wa mtu.

Huenda ukadhani basi kwamba ushindi umekamilika. Sivyo. Kila werevu una kivuli chake. Pua ya Luer ilisifiwa kwa sababu huingiana na kila kitu. Baadaye ilionekana kwamba hiyo ndiyo hatari yake, kwa kuwa mpira wa kumlishia mgonjwa tumboni uliweza kuunganishwa kwa makosa na mpira wa mshipa wa damu, chakula kikaenda mahali pa dawa. Ilibidi Shirika la Kimataifa la Viwango litunge vipimo vipya katika miaka ya 2010, ili viungio vya kazi mbalimbali visiweze kuingiana hata mtu akitaka. Bingwa wa kwanza alijitahidi vitu viungane. Bingwa wa pili akajitahidi visiungane. Wote wawili walikuwa na haki, kila mmoja katika zama zake.

Kivuli cha pili ni bei. Kiungio kilicho bora katika hospitali ya mji mkuu chaweza kugharimu zaidi ya chanjo inayopita ndani yake, na chombo kisichonunuliwa hakimwokoi mtu. Kwa sababu hiyo mabingwa wengine walipita njia nyingine: waliamua kuifuta safari yenyewe. Walitengeneza kifuko kidogo cha plastiki chenye kipimo kimoja cha dawa, kikiwa na sindano yake tayari, kiitwacho Uniject. Anayedunga husukuma kifuniko, na sindano iliyo ndani hutoboa utando na kuifungulia dawa njia. Kisha hudunga na kuminya. Hakuna kichupa, hakuna kuvuta, na kifuko kikiisha hakijazwi tena. Nchini Uganda wanawake wamefundishwa kujidunga wenyewe dawa ya kupanga uzazi kwa kifuko cha namna hiyo. Jambo lililokuwa la mwuguzi aliyesoma miaka mitatu limewezekana kwa mkulima nyumbani kwake, kwa sababu elimu kubwa imefichwa ndani ya kitu kidogo.

Sasa turudi Ruiri, katika chumba kile tulichoanzia. Kama ungepewa wewe kazi ya kubuni kiungio kwa ajili ya chumba hicho, ungeanza na maswali gani? Naona yako manne ya kwanza. Je, kitafanya kazi siku umeme umekatika? Je, mwuguzi aliyekwisha kuwahudumia watu 80 ataweza kukitumia bila kukosea, au kosa lake litazuiwa na chombo chenyewe? Je, mtu ataweza kuona kwa macho kwamba kimekwisha kutumika? Na baada ya kutumika, kitatupwa wapi, hata watoto wasikiokote katika shimo la taka wakakifanya kitu cha kuchezea? Maswali haya si ya sayansi ya hali ya juu. Ni maswali ya mtu aliyekaa katika chumba hicho akatazama mikono. Ndiyo maana sikubali rai ya wale wasemao kwamba uvumbuzi wa namna hii ni kazi ya watu wa mbali na kwamba sehemu yetu ni kupokea. Bingwa wa mbali huijua plastiki. Lakini vumbi la njia ya Isiolo, foleni ya siku ya soko, na jiko la mkaa lililofanywa mahali pa umeme, hayo wayajua zaidi wewe.

Lakini usidhani kwamba chombo kitatosha peke yake. Yambuku palikosekana mabomba. Kapoeta palikosekana mafundisho, barafu na usimamizi. Kiungio bora mikononi mwa mtoto wa miaka 12 asiyefundishwa kingalikuwa kitu cha kuchezea tu. Chombo humsaidia mkono mwema. Hakiwezi kuchukua mahali pa mkono ambao haupo. Serikali inayonunua vyombo na kusahau kuwalipa na kuwafundisha watu imenunua upawa bila mpishi.

Wahenga wetu walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Kila mkasa niliokusimulia ulianza kwa tundu lisiloonekana, likapuuzwa kwa kuwa ni dogo. Siku nyingine utakapokuwa katika chumba cha chanjo, na mtoto akaanza kulia, itazame mikono ya mwuguzi. Tazama kama anapangusa mpira wa kichupa, kama anafungua bomba jipya, kama anaandika saa aliyokifungua kichupa. Ukiyaona hayo, mshukuru kwa sauti, maana kazi yake ikifanywa vema haina dalili yoyote: mtoto hulala, huamka, huenda kucheza, na hakuna mtu ajuaye kwamba dawa imevuka salama.